Mafiga Yangu Yalipotolewa Nje

Kama kifua chako kinabana na unaishi huku kwetu nyanda za juu, ambako kipupwe humfanya hata mzima asogee motoni, haya nimekuandikia wewe. Mimi si daktari na sitajifanya najua kilichokuwa kikiendelea ndani ya mapafu yangu. Najua jinsi mtu anavyokaa kwenye benchi akingoja jina lake liitwe, na najua jinsi moshi ulivyokaribia kuninyang'anya nyumba na mume. Najua pia jinsi ya kujenga moto wa nje unaokupasha joto bila kukunyonga. Nimengoja mpaka nimepata nafuu ndipo nikashika kalamu, kwa maana mgonjwa akiwa kitandani hulalamika tu, na mimi kulalamika nilikwisha lalamika vya kutosha.

Mimi ni Mhehe wa Kihesa, Iringa. Niliolewa Mbeya na Athumani, aliyekuwa akinunua mchele Chimala na kuuza mjini. Wazee wake walitoka pwani zamani wakifuata biashara, na mama yake, Bi Mwanaisha, aliishi nasi Ilomba, kanga mbili mwilini na sweta ya mwanamume juu yake, akiilaani baridi kila asubuhi tangu alipofika. Siku nilipoondoka kwetu, shangazi yangu alichukua jiwe moja kutoka jikoni kwa mama, akalifunga kwenye kanga na kulipakata ndani ya basi mpaka Mbeya. Utingo alicheka sana, akamuuliza kama Mbeya hakuna mawe. Shangazi alilikaza fundo la kanga. Tulipofika aliliweka jikoni kwangu, akatafuta mengine mawili, yakatimia mafiga. Kisha akaniketisha chini.

"Hapa ndiyo nyumba yako," aliniambia. "Moto ya mke inakaa ndani. Siku ukikuta mafiga yako imetolewa nje, usiulize mtu. Umerudishwa. Funga mzigo, uje kwetu."

Kwetu mambo yalikuwa hivyo. Mume hakuhitaji kutamka neno wala kuita wazee. Mawe yakiwa nje, habari imekwisha. Wakati shangazi akinipa maneno hayo, Athumani alikuwa sebuleni na wanaume wenzake wakila pilau. Hakusikia, na mimi sikuona haja ya kumwambia. Nani humweleza mumewe jinsi ya kumfukuza?

Jiko letu lilikuwa ndani, chumba cha nyuma, chini ya paa la nyasi. Kidirisha kilikuwepo, lakini huko kwetu ni nani anayefungua dirisha mwezi wa saba? Nilipika humo miaka na miaka nikiwa na macho mekundu na kikohozi cha asubuhi. Sikuona ajabu, kwani wanawake wote niliowajua walikuwa na macho mekundu na kikohozi cha asubuhi.

Kichomi kilinishika mvua zikiwa zimechachamaa. Kilianza ubavu wa kulia, nikidhani nimelala vibaya, na kufikia jioni kila pumzi ilikuwa inanichoma. Athumani alinipakia kwenye lori la mchele, nikalala juu ya magunia matupu, Bi Mwanaisha akinishika kichwa kisigonge ubao, mpaka hospitali.

Sindano sikuzihesabu. Nilijua tu kuwa upande mmoja ukishindwa kukalika, wanahamia wa pili. Homa ilishuka, nikadhani nimepona, kumbe kichomi kilikuwa kimeniachia mgeni mwingine: pumu. Hewa ilikuwa inaingia kidogo na kugoma kutoka. Nililala nimekaa, mito mgongoni. Nywele zilikatika mbele. Bangili zangu zilikuwa zinatoka zenyewe nikinyoosha mkono, basi nikampa Bi Mwanaisha anitunzie. Sauti iliondoka, nikawa nasema kwa kunong'ona, na watu wakinijibu nao wananong'ona, hata nikicheka nilikuwa nalia kwa maumivu ya mbavu.

Baadaye niliruhusiwa kutoka wodini niwe nakwenda asubuhi na kurudi kwa rafiki mmoja aliyekaa karibu na hospitali. Hapo ndipo nilipolijua benchi. Benchi la hospitali lina sheria zake: unasogea taratibu kuelekea mlangoni, joto la aliyetoka unalirithi wewe. Nilikaa na Wasafwa, Wanyakyusa, na mke mmoja wa mwenye duka wa Kihindi aliyekuwa na kifua kama changu. Hatukuelewana sana kwa maneno, lakini kila alipofika aliweka shali yake magotini kwake na kwangu pia, bila kuniuliza. Na alikuwepo dresa mmoja, msaidizi wa daktari, kijana mwembamba, ambaye kabla ya kuniwekea kile chuma cha kusikiliza kifua alikifumbata kwanza kiganjani mpaka kipate joto. Wenzake hawakufanya hivyo. Mpaka leo namwombea dua.

Siku ya mwisho daktari alimwita Athumani barazani. Mimi nilibaki kwenye benchi nikiona kofia yake tu ikiinama na kuinuka. Alipokuja nilimuuliza wamesema nini. Akasema wamesema nipumzike. Kumbe aliambiwa wazi kwamba moshi wa ndani utaniua, na kwamba kama hawezi kuuondoa, anipeleke pwani kwenye joto. Lakini mgonjwa haambiwi. Tunamficha mgonjwa habari zake kana kwamba ugonjwa ni wa mtu mwingine, na hilo nalo linaua.

Nilirudi Ilomba kipupwe kikiwa kimeanza. Mtu akitoka safari huenda kwanza mahali alipopakumbuka sana, na mimi nilikwenda jikoni kwangu. Nilikuta sakafu imesiribwa upya udongo, safi, na katikati hapakuwa na kitu. Nikachungulia kidirishani. Mafiga yangu yalikuwa nje, bustanini, kando ya ukuta, jiwe la mama yangu likiwa la kwanza.

Bi Mwanaisha alikuwa nyuma yangu, uso umejaa furaha. Akasema, "Umeona mwanangu? Tumekutolea nje. Hapa ndani pumzika kabisa."

Nilijishika ukutani, naye akadhani ni ugonjwa, akanikumbatia. Nililia begani kwa mwanamke niliyeamini kuwa ananifukuza. Nilimwelewa hata yeye. Nilikuwa nimekonda, sina sauti, siwezi kuinua ndoo, na watoto sikuwa nimejaliwa. Nani angeniweka? Kesho yake nilimwambia Athumani kwamba nataka kwenda kumwona mama. Nilitegemea akatae, au angalau aulize. Yeye akasema ni wazo zuri, nitapata mapumziko, akaenda mwenyewe kunikatia tiketi ya basi. Hiyo iliniuma kuliko kichomi.

Kihesa walinipokea bila maswali mengi. Nilimwambia mama kuhusu mafiga, akaingia ndani kunipikia uji. Kaka yangu Saidi alitaka kupanda basi siku hiyohiyo akamshike mtu shati; mama akamwambia akae chini. Nikaanza kuishi kama binti asiyeolewa, nikilala karibu na moto wa mama ndani ya tembe, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi.

Haikuchukua muda kifua kikakaba tena, mara hii vibaya zaidi. Midomo ilibadilika rangi, kaka akanibeba mgongoni. Nikalijua na benchi la hospitali ya Iringa, ambalo halina tofauti na la Mbeya ila upepo wake ni mkali zaidi. Muuguzi wa pale aliniuliza nyumbani tunapikia wapi. Nikamwambia ndani. "Basi tutaonana tena," akasema, akaita mwingine. Nilirudi nikiyafikiria maneno yake. Wazo lilinijia kwamba labda mafiga yale yalitolewa kwa sababu hiyo, lakini nikalifukuza. Mtu aliyeumizwa akianza kutumaini huumia mara mbili.

Athumani alikuja kipupwe kikiwa kinaelekea kwisha. Alidhani naendelea kupumzika, na barua zake, ambazo sikuzifungua, hazikuwa zinajibiwa, kwa hiyo akaja kunichukua. Hakuja peke yake. Bi Mwanaisha, ambaye hakuwahi kukubali kupanda basi kwenda popote, alishuka naye, miguu imevimba, amebeba mchele wa Chimala na bangili zangu zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga. Mama akawasalimu, "Kamwene," kwa sauti ya baridi kuliko siku yenyewe. Walikaribishwa, wakakaa, chai haikuletwa. Athumani akaanza kutazama mlango.

Kaka Saidi ndiye aliyesema. "Shemeji, sisi hatuna fujo. Tunataka kujua kitu moja. Mafiga ya dada yetu mlitoa nje kwa kosa gani?"

"Kosa?" Athumani alinitazama mimi, kisha mama, kisha mimi tena. "Kosa gani? Daktari alisema moshi ndani utamuua. Aliniambia niutoe moshi au nimpeleke pwani. Nikasema pwani atakuwa peke yake, hana ndugu, atakufa kwa upweke. Nikautoa moshi."

Nilikuwa nimekaa kwenye ngozi karibu na mlango, mahali pa wagonjwa na wasio na sauti. Kaka akawaeleza desturi yetu, taratibu, mpaka kwenye maneno ya shangazi. Athumani alivua kofia yake, akawa anaizungusha mikononi. Bi Mwanaisha alisikiliza mdomo wazi, na kaka alipomaliza, alimgeukia mama, si mimi.

"Mwenzangu," akasema, "kwetu sisi jiko ni uani. Mwanamke mwenye uani wake na jiko lake ndiye mwenye nyumba. Mpishi wa kukodi ndiye hupika ndani kwenye giza. Mafiga ya mwanao niliyabeba mimi kwa mikono hii. Athumani nilimkataza asiyaguse, maana mafiga ya mke hayashikwi na mwanamume. Nilidhani namtukuza."

Akafungua pindo la kanga, akaziweka bangili zangu sakafuni mbele ya mama. Hapo nililia na sikujificha. Lakini mama yangu hakulia. Yeye ni mtu wa kupima. Alisema maneno mazuri ameyasikia, lakini mafiga yakishatoka, maneno hayayarudishi, na kuyaingiza ndani tena ni kuniingizia kifo. Kwa hiyo angekwenda mwenyewe kuona.

"Nitaangalia hiyo mahali," akasema. "Kama ni mahali ya mtu kukaa, atakaa. Kama ni mahali ya kumtupa, narudi naye, na hatutagombana."

Kisha akaniambia nilete chai.

Tulisafiri wote wanne. Njia nzima hadi Mbeya niliogopa. Nilikuwa nimempata mume wangu tena, na sasa alikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja mzee na jicho lake. Tulipofika Ilomba mama hakuingia hata ndani. Alizunguka nyumba moja kwa moja hadi bustanini, akayatazama mafiga yangu yalivyokaa kando ya ukuta, chini kabisa ya mchirizi wa nyasi za paa. Akainua mkono, akazishika nyasi zile bila kujinyoosha.

"Hapa hamkumfukuza," akasema. "Hapa mlitaka kumchoma."

Bi Mwanaisha alicheka mpaka akakaa chini, na mama naye akacheka, na ndipo nilipojua kwamba huenda nikabaki. Lakini mahali palikuwa bado hapajapatikana, na mama hakuwa na haraka. Alimwomba Athumani pumba za mchele, ambazo kwetu hazikosekani, akawa anazirusha juu asubuhi, mchana na jioni, akitazama zinakoangukia. Upepo wa Mbeya asubuhi unatoka upande huu na jioni unageuka. Pale kando ya ukuta, moshi wa jioni ungeingia moja kwa moja kwenye dirisha la chumba chetu. Yeyote anayetaka kuweka moto bustanini afanye hivyo kwanza, arushe pumba au majivu kwa siku kadhaa, kabla hajachimba. Moshi hauna adabu. Usipouchunguza utakufuata mpaka kitandani.

Walikubaliana mahali pa mbele, kupita matuta ya kabichi, mbali na nyumba na mbali na matawi ya mti wetu wa mfyulisi. Mama mkwe alitaka karibu zaidi, asije akatembea sana na sufuria. Mama akasema atembee, nyumba ikiungua hatakuwa na pa kuipeleka sufuria. Walibishana hivyo kutwa nzima kama watu waliofahamiana tangu utotoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti nje, nimefunikwa blanketi, nikiwasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu mvua nilivuta pumzi mpaka chini.

Athumani naye alitaka mchango wake. Akaenda mtoni akaleta mawe mazuri ya mviringo, laini, akayapanga duara kuzunguka shimo alilochimba hapo. Moto wa kwanza ulipokolea, jiwe moja lilipasuka kwa mshindo na kipande chake kikapita kati ya wazee wawili kikagonga ndoo. Mama akamwambia bila kupandisha sauti kwamba mawe ya mtoni yanakunywa maji, yakipata joto yanayatema. Tangu hapo duara letu ni la matofali ya kuchoma, yameinuliwa hadi magotini, na upande mmoja umeachwa wazi wa kuingizia kuni. Juu yake, kwa ajili ya mvua, Athumani alisimamisha bati kwenye nguzo ndefu, bila ukuta hata mmoja.

Mafiga yangu mama aliyabeba mwenyewe. Aliyapanga katikati ya duara, la kwake likiwa la kwanza, kisha akamwita Athumani na majirani waliokuwa wanachungulia uani.

"Mwanangu hajatolewa," aliwaambia. "Amehamia hapa. Basi nyumba imfuate."

Wakaleta viti, mikeka na benchi la sebuleni. Tulikula hapo, na hadi leo ndipo tunapokula jioni isipokuwa mvua ikiwa ya upepo. Wageni wa Athumani wa biashara wanakaribishwa hapo. Sebule yetu imekuwa stoo ya mchele.

Moto huo una masharti yake, na nitakuambia yaliyonifaa. Choma kuni zilizokauka; za miti ya miwati zilizokaa msimu mzima ni nzuri, zina moto na hazina maneno. Kuni mbichi na majani ya mkaratusi yatakurudisha kwenye benchi. Mgonjwa akae upande upepo unakotokea, na upepo ukigeuka ahame bila kuona haya, hata kama mgeni anaongea. Mafuta ya taa yasisogee karibu na moto hata kwa sala. Pindo la kanga lifungwe kiunoni, na shuka la kujifunika lisiburute. Siku za kiangazi upepo unapovuma wa kuezua, hatuwashi, tunakula viporo. Ndoo ya maji iko pale tangu kuni ya kwanza inapowashwa. Tukimaliza, tunamwaga maji, tunakoroga majivu, tunamwaga tena, na mimi ninaweka kiganja changu juu kabla sijaondoka.

Na lile la mwisho ni gumu zaidi, kwa sababu baridi ya huku inashawishi. Usichukue makaa yale mazuri mekundu ukayatia kwenye jiko dogo na kuyaingiza chumbani mlango umefungwa. Bi Mwanaisha alijaribu jioni moja kwa kunionea huruma. Nilimwomba ayarudishe, naye aliyarudisha akinung'unika, akaniletea sweta yake ile ya mwanamume. Joto la mwili lichukue motoni, kisha ingia kulala nalo, pamoja na blanketi zote ulizonazo.

Sikupona kabisa. Kipupwe kikija bado nasikia kifua kikinikumbusha, na vidonge ninavyo. Lakini nywele zimerudi, bangili zinakaa mkononi, na ni muda mrefu sasa sijakaa kwenye benchi.

Kabla mama hajarudi kwao kulikuwa na jioni moja ambayo Bi Mwanaisha alimuuliza kikohozi chake mwenyewe kimeanza lini. Mama akasema yeye hana kikohozi. Akakohoa, akatugeuzia mgongo, akasema ni pilipili.

Kipupwe kilichofuata nilikwenda Kihesa kumjulia hali. Niliposhuka, jirani mmoja alinipa pole njiani, akiniuliza ni nani aliyethubutu kumrudisha kwao mjane mzima. Sikuelewa. Nikaharakisha kadiri kifua kilivyoniruhusu. Mama alikuwa amekaa uani kwake, mbali na tembe, mafiga yake mbele yake katika duara la matofali, ndoo ya maji pembeni, pumba zimetapakaa kila mahali.

Nilimuuliza nani amembebea mawe mazito namna ile.

"Mwenyewe. Moja, napumzika, moja."

"Na watu wanasema nini?"

"Wanasema nimerudishwa." Akasukuma kuni ndani kwa ncha ya mguu. "Baba yako amekufa. Nani atanirudisha? Kaa upande huu, moshi unaenda kule."